Akikosekana Kesho, Nani Atamuulizia?
Mwongozo wa kujenga shule inayowakinga vijana na dawa za kulevya

Mwongozo huu ni wako mkuu wa shule ya sekondari, mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi, matroni, na mzazi uliyechaguliwa kuingia bodi ya shule. Unahusu bangi, kuberi, ugoro, gundi, pombe na unga, lakini sehemu kubwa utakuta habari za geti la asubuhi, paredi, matokeo yanayobandikwa ukutani, chakula cha mchana na namna mwalimu anavyomwita mwanafunzi. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Kijana wa kidato cha pili anajua kwamba bangi ina madhara. Ameambiwa tangu shule ya msingi. Anachokitafuta nyuma ya vyoo ni kundi linalomjua kwa jina, linalocheka naye, linalomuulizia asipoonekana. Akikipata hicho darasani, wauza kuberi watapata kazi kubwa kumpata.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1997, katika jimbo la Victoria nchini Australia, shule 26 za sekondari ziliingia kwenye utafiti wa mradi ulioitwa Gatehouse. Shule zilizopewa mradi zilijiuliza maswali matatu: Je, mwanafunzi anajiona yuko salama hapa? Ana mtu wa kuzungumza naye? Anathaminiwa na kupewa nafasi ya kushiriki? Kisha kila shule ikarekebisha mapungufu yake, na uvutaji wa sigara ukaonekana kuwa mdogo kuliko kwenye shule zisizopewa mradi. Uingereza nayo ilijaribu katika shule 40 kwa miaka 3: kamati za walimu na wanafunzi, pamoja na njia ya kusuluhisha makosa kwa mazungumzo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba uonevu ulipungua, na pamoja nao uvutaji sigara, unywaji pombe na matumizi ya dawa za kulevya.

Usiseme hayo ni ya nchi tajiri. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilifanyiwa utafiti wa mpango wa shule bora wa shirika la Raising Voices. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizofuata mpango zilikuwa na upungufu wa asilimia 42 wa vipigo kutoka kwa walimu, vikilinganishwa na shule ambazo hazijaanza. Hizo ni shule zenye madarasa yaliyojaa na bajeti finyu kama yako.

Kwanza, acha haya matatu

La kwanza ni vitisho. Picha za maiti na mihadhara ya siku moja huwashtua wanafunzi mpaka kengele ya mapumziko, basi. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya inasema wazi kwamba kutia hofu peke yake hakuleti matokeo, na kwamba kumleta mtu aliyewahi kutumia asimulie, au polisi aje kufundisha, ni njia zisizosaidia na wakati mwingine zinadhuru. Kijana akimwona aliyewahi kuwa teja amesimama mbele yake akiwa msafi na mwenye kupigiwa makofi, anaweza kuondoka na somo ambalo hukulikusudia: kwamba hata ukiingia, utatoka.

La pili ni kufukuza haraka. Mwanafunzi aliyekamatwa na msokoto akifukuzwa Jumatatu, Jumanne yuko kijiweni kutwa nzima, na waliomuuzia ndio watakaomlea. Shule imejisafisha, lakini mtoto amekabidhiwa kwa mikono ileile uliyotaka kumwepusha nayo.

La tatu ni upekuzi wa kudhalilisha. Kumwaga mabegi mbele ya paredi na kuwavua watoto soksi kunafundisha jambo moja tu: ficha vizuri zaidi. Kama kuna sababu ya kumpekua mwanafunzi, fanya faraghani, wawepo walimu wawili, na wa jinsia yake.

Hatua ya kwanza: Wasikilize kwanza

Chukua kipindi kimoja. Gawa karatasi zisizo na majina, na walimu wasitembee kati ya madawati. Andika ubaoni maswali machache:

Kuna mtu mzima hapa shuleni unayeweza kumweleza shida yako?
Ni sehemu gani ya shule unaiogopa?
Katika wiki mbili zilizopita umetukanwa, umepigwa au umechekwa? Na nani: wanafunzi au walimu?
Ukikosekana kesho, nani atakuulizia?

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Hesabu wanaojibu "hakuna". Hao ndio wanaohitaji ulinzi wako kabla ya mtu yeyote, na wengi wao hawajavunja kanuni yoyote. Ni wale wapole wanaokaa nyuma, ambao jina lao unalikuta kwenye rejista tu.

Kisha waombe wachache wachore ramani ya shule na njia za kuja na kurudi, watie alama nyekundu kila wanapopaogopa au wanapoona vitu vinauzwa. Usiulize majina. Utashangaa jinsi ramani zitakavyofanana: nyuma ya vyoo, pembeni ya shamba la shule, njia ya mkato, kibanda fulani karibu na geti, kituo cha bodaboda. Ukishapajua mahali, una pa kuanzia bila kumgeuza mtoto yeyote kuwa mpelelezi.

Hatua ya pili: Unda kamati yenye wanafunzi wa kweli

Kamati ya kutosha ina wanafunzi sita na walimu sita, pamoja na mzazi mmoja au wawili. Ikae mara moja kila mwezi. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuwajaza viranja peke yao. Kiranja ni sauti ya walimu tayari. Weka pia anayechelewa kila siku, aliyekariri darasa, msichana anayetoka mbali, na yule mchekeshaji wa darasa ambaye wenzake humsikiliza kuliko mwalimu wa zamu. Hao wanajua shule ambayo ninyi hamuioni.

Ipe kamati matokeo ya maswali na ile ramani, na ipewe nguvu ya kubadili angalau jambo moja katika muhula wa kwanza. Lianze dogo lakini lionekane: mlango wa choo unaofungika, taa ya bweni, mlinzi kuhamia upande wa shamba wakati wa mapumziko, au kibao wanachovishwa wanaoongea Kiswahili kuondolewa. Wanafunzi wakiona walichosema kimefanyika, watasema tena. Wakiona kimya, sanduku lako la maoni litabaki na vumbi.

Katika jimbo la Bihar nchini India, shule zilitumia vitu vya bei ndogo kabisa: gazeti la ukutani lenye mada ya mwezi, sanduku la kutoa dukuduku, kamati ya afya ya shule, na mtu wa kusikiliza wanafunzi. Hali ya shule ikawa nzuri, uonevu na sonona vikapungua. Lakini kuna funzo ndani ya utafiti huo ambalo kila mkuu wa shule alisikie. Mafanikio yalipatikana pale ambapo kazi ilifanywa na mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo na ambaye hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwalimu aliyeongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake hakuleta mabadiliko. Kwa hiyo ukimteua mwalimu wa malezi na unasihi, mpunguzie vipindi, mpe chumba chenye mlango, na usimfanye kuwa pia mwalimu wa nidhamu. Hakuna mtoto atakayekwenda kuungama kwa mtu mwenye fimbo mkononi.

Hatua ya tatu: Kila mwanafunzi awe na mtu wake

Darasa la wanafunzi 80 halimwezeshi mwalimu mmoja kumjua kila mtoto, lakini shule nzima inaweza. Chukua orodha ya wanafunzi wote, igawe kwa watumishi wote: walimu, mhasibu, mtunza maktaba, matroni, patroni, hata mpishi na mlinzi wakikubali na wakielekezwa. Kila mmoja apate kikundi chake, nao wakutane dakika 20 kwa wiki. Hakuna mada ya mtihani. Kazi ya mtu mzima ni tatu tu: awajue kwa majina, aulize nyumbani kukoje, na amfuatilie anayekosekana.

Ufuatiliaji huo uwe wa siku hiyohiyo. Mwanafunzi akikosa shule, jioni simu iende nyumbani, na ianze hivi: "Shikamoo mama. Leo hatujamwona kijana wetu, tulikuwa na wasiwasi. Mzima?" Mzazi akisikia hivyo anapokea. Akisikia "Mwanao mtoro, njoo shuleni kesho", ataficha. Na mtoto mwenyewe akirudi, aulizwe kwanza kama yuko salama, daftari la mahudhurio lifuate baadaye.

Wape uzito wa pekee kidato cha kwanza. Mwezi Januari mtoto anaacha marafiki aliosoma nao miaka saba, anaingia shule asiyoijua, na masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Wengi wananyamaza ghafla. Mpangie kila mmoja mwenzake wa kidato cha tatu au cha nne kutoka mtaa uleule, watembee pamoja asubuhi na jioni katika wiki za mwanzo. Ukikawia, kijiwe kitampangia mwenzake.

Hatua ya nne: Tazama adhabu zako zinamkusanya nani

Simama getini saa moja na nusu asubuhi. Waliochelewa wamepangwa pembeni. Yupo aliyetembea kilomita saba, yupo aliyeamka kuuza vitumbua na bibi yake, yupo aliyelala kwenye geto bila mtu wa kumwamsha. Wanapelekwa kufyeka nyasi nyuma ya vyoo mpaka kipindi cha pili kiishe. Mwalimu wa zamu anarudi ofisini. Sasa tazama ulichokitengeneza: umewachukua wanafunzi wenye shida kubwa kuliko wote, ukawaweka pamoja, mbali na macho, kila siku, katika saa ya hesabu. Mmoja akiwa na kuberi mfukoni, wote wamepata. Na kesho hawataelewa hesabu, kwa hiyo watakuwa na sababu nyingine ya kuchelewa.

Badili utaratibu. Anayechelewa aandikwe jina, aingie darasani mara moja, na mchana akae dakika kumi na mwalimu wake wa kikundi kutafuta chanzo. Ukiona watano wanatoka kijiji kimoja, tatizo ni njia, wala si nidhamu.

Kuhusu fimbo, fuata sheria kama hatua ya chini kabisa. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari. Kenya iliipiga marufuku kabisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitamka kuwa kosa. Lakini nakusihi uende mbele ya sheria. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na ni kweli mtoto anahitaji mipaka. Mipaka inawekwa kwa kanuni zinazojulikana, zinazomhusu kila mtu, na zinazomlazimu aliyekosa kurekebisha alichoharibu: aliyemtukana mwenzake akae naye mbele ya mwalimu, asikie kilichomuumiza, aombe radhi, waandikiane makubaliano. Hilo ni gumu kuliko viboko vinne, na kijana halisahau.

Hatua ya tano: Ondoa aibu darasani

Kijana akidhalilishwa mahali kila siku, atatafuta mahali pengine pa kuwa mtu. Pitia mambo haya katika kikao cha walimu, moja baada ya jingine, na muamue.

Kusoma matokeo paredini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mpe kila mwanafunzi yake mkononi. Paredini taja waliopanda, hata aliyetoka alama 18 akafika 30.
Kuwavisha kibao wanaoongea Kiswahili. Mwanafunzi anayeogopa kufungua mdomo hajifunzi Kiingereza wala chochote.
Mkondo unaojulikana kama wa "vilaza". Jina likishazoeleka, watoto wataliishi.
Kuwatoa nje wasiolipa michango, wakati mtoto hana mkono kwenye mfuko wa mzazi.
Utani wa mwalimu juu ya sare iliyochanika, kabila, mwili au mzazi mlevi.

Kisha ongeza nafasi za kung'ara. Shule nyingi zinakumbuka michezo pale tu mashindano ya UMISSETA yanapokaribia, na zinawachukua wenye vipaji peke yao. Anzisha ligi ya vikundi ambayo kila mwanafunzi anacheza, kwaya, ngonjera, bustani, klabu ya redio, ufugaji wa kuku. Asiyefaulu fizikia awe na sehemu moja ambapo wenzake wanamhitaji.

Hatua ya sita: Linda saa zinazovuja

Shule ya kutwa ina saa mbili za hatari. Ya kwanza ni mchana. Mwanafunzi asiyekula tangu asubuhi huambiwa na wenzake kwamba kuberi au gundi inaua njaa, na kweli kwa muda anaisahau. Uji au makande ya mchana ni kinga ya dawa za kulevya. Zungumza na wazazi kwenye mkutano, mkubaliane debe la mahindi na maharage kwa wasio na fedha taslimu, na asiyechangia asitengwe wakati wa kula.

Ya pili ni baada ya vipindi mpaka magharibi. Acha madarasa mawili wazi, mwalimu mmoja kwa zamu, na kiwanja chenye mpira. Iceland, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wake walikuwa wanywaji wakubwa barani Ulaya, ilijenga kinga yake hasa juu ya saa hizi: michezo na sanaa baada ya shule, na wazazi kukubaliana kwa pamoja saa ya watoto kuwa nyumbani. Shule yako haina fedha za Iceland, lakini makubaliano ya wazazi wa mtaa mmoja hayagharimu kitu.

Usisahau mageto. Shule za kata zina wanafunzi waliopangishiwa vyumba karibu na shule bila mtu mzima yeyote. Waorodheshe. Kila geto lipate mama au baba wa mtaa anayefahamika na shule, anayepita jioni kuwajulia hali, na mwenye nyumba ajue nambari ya simu ya mkuu wa shule. Kibanda kinachouza vitu hivyo karibu na geti, toa taarifa zake kwa mtendaji wa kata. Usimtume mwanafunzi akanunue ili upate ushahidi.

Mwanafunzi akikamatwa

Hapa ndipo shule inajulikana. Mwite ofisini, asiwepo mtu wa kupita, na ukae kiti kilicho sawa na chake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Sikukuita kukuchapa. Nimekuta msokoto kwenye begi lako, na mama yako nitamwita. Kabla hajafika nataka nikusikie wewe. Ulianza lini?"

Atanyamaza. Muache anyamaze.

"Mwezi wa pili, mwalimu."

"Mwezi wa pili kulitokea nini?"

"Nilirudishwa kidato cha pili. Wenzangu wakaenda cha tatu."

Swali la pili ndilo lililofungua mlango. Sasa unajua kwamba msokoto ulifuata aibu na upweke, na unajua pa kushika. Mama akifika, mpokee kwa heshima, usimhukumu mbele ya mwanawe. Andikeni makubaliano ya wiki sita: ataendelea na masomo, atakaa na mwalimu wa malezi mara mbili kwa wiki, atasaidiwa masomo mawili yaliyomwangusha, na nani atatembea naye kurudi nyumbani. Habari hiyo isifike ofisi ya walimu kama gumzo la chai.

Kuna hali zinazozidi uwezo wa shule. Ukiona kijana anatetemeka, anatoka jasho na kamasi, anatapika na kulalamika mwili mzima kuuma, huenda ni arosto ya unga. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimfungie bwenini. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake hata dakika moja. Mshirikishe ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Tanzania, nambari ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, na Kenya, ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Simu ya watoto ni 116 katika nchi zote mbili. Wanaowauzia watoto ni wa kushughulikiwa na vyombo vya dola. Mtoto aliyeuziwa ni wa kutunzwa.

Na aliyekwisha kuacha shule usimfute. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 nchini Tanzania unaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi. Mtafute, mwambie nafasi yake ipo.

Ratiba ya mwaka mmoja

Januari: wapokee kidato cha kwanza, gawa vikundi, uliza yale maswali manne.
Februari na Machi: kamati ianze, jambo moja libadilike na lionekane, adhabu ya waliochelewa ibadilishwe.
Aprili na Mei: mkutano wa wazazi juu ya chakula, mageto na saa ya kurudi nyumbani.
Julai: ligi ya vikundi na klabu, kikao cha walimu juu ya mambo ya aibu darasani.
Septemba: uliza maswali yaleyale upya. Linganisha idadi ya waliojibu "hakuna".
Novemba: soma matokeo mbele ya wanafunzi na wazazi, yawe mazuri au mabaya.

Usitegemee miujiza katika muhula mmoja. Uingereza ilichukua miaka mitatu. Na usisubiri mradi, gari lenye nembo wala semina ya siku mbili mjini. Mengi ya haya yanaanza na orodha ya majina na mtu mzima mmoja aliyeamua kuyajua. Basi Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi, chukua rejista ya darasa lako, wachague watoto watatu ambao huwajui vizuri, na ukazungumze nao. Anza na hao.